Makufuli Matatu ya Mzenga

Sijawahi kuwa mtu wa kusamehe upesi, na kwa huyu sikujaribu hata kidogo. Alikuwa bosi wangu katika kampuni ya uwekezaji mjini Dar. Mimi nilifanyia kazi nyumbani kwangu Kibaha, nikiuza, kununua na kukopesha sarafu za kidijitali kwenye mitandao isiyo na benki wala meneja. Sote wawili tulizaliwa Mzenga, Kisarawe, na mama zetu wanajuana tangu usichana wao.

Pochi ya kampuni, yaani akaunti ya sarafu hizo, ilifunguliwa kwa saini tatu kati ya tano. Tulikuwa watano, kila mmoja na ufunguo wake wa kusainia, kifaa kidogo kama flashi. Kabla ya kutuma chochote, mmoja aliisoma anwani ya mpokeaji kwenye simu, herufi na tarakimu arobaini, mwingine akifuatisha kwa kidole. Bosi aliichukia kazi hiyo.

"Soma mwanzo na mwisho, inatosha," alisema. "Hapa siyo madrasa."

Matapeli wanawajua watu wa aina yake. Hutengeneza anwani inayofanana na ya kweli mwanzo na mwisho, wakaipenyeza kwenye orodha ya miamala ya zamani, kisha wakamsubiri mvivu ainakili. Nikiwa Mzenga kwenye msiba wa mjomba, bosi aliinakili, akasaini, na wenzake wawili wakasaini kwa kumwamini. Fedha zikaenda kwa matapeli, hazikurudi. Akawaambia wakurugenzi kwamba muamala ule niliuandaa mimi, tena kwa makusudi. Nikafukuzwa kwa barua ya mistari minne.

Hilo ningelimeza. Lakini alikwenda kijijini akalisimulia huko pia. Kikundi cha kina mama kina stoo ya masufuria na sahani za shughuli, na mlango wake una makufuli matatu, kila ufunguo kwa mama mmoja. Mama yangu alishika mmoja miaka mingi. Wakamnyang'anya, kwa sababu mama wa mwizi hashiki ufunguo wa watu. Alinipigia simu analia. Mimi sikulia. Nilikaa nikapanga.

Daftari la mitandao ile liko wazi kwa yeyote na halifutiki: nani kaandaa muamala, nani kasaini, saa ngapi. Nikalichapisha kwenye duka la steshenari pale Kibaha, pamoja na barua pepe ya bosi mwenyewe iliyoorodhesha funguo zetu sisi watano, kila mmoja na jina la mwenyewe. Kisha nikangoja. Nilingoja miezi minne, mpaka kikundi kilipomwalika kuwa mgeni rasmi, akabidhi turubai jipya. Mama yake alikaa mstari wa mbele na kanga mpya.

Bosi alipomaliza hotuba nikasimama, nikamgeukia mwenyekiti wa kikundi.

"Shikamoo, mwenyekiti. Naomba dakika mbili."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

Nilimwambia pochi ya kampuni ni kama stoo yao, haifunguki bila funguo tatu. Wakurugenzi wenye shahada zao nilishindwa kuwaelewesha. Mwenyekiti, aliyeishia darasa la nne, alielewa kabla sijamaliza.

"Basi tuoneshe nani walifungua," akasema.

Nikampa karatasi zote mbili. Alivaa miwani, akalinganisha kwa kidole, herufi moja moja, bila kuruka hata moja. Ufunguo wangu haukuwemo. Wa kwanza ulikuwa wa mgeni rasmi.

"Mwanangu," mama yake akamuuliza, "ni wewe?"

"Mama, tutaongea nyumbani."

Hapo hata watoto walielewa. Nilimtazama akijifuta jasho, na sitadanganya, nilisikia raha mpaka tumboni. Mkuki kwa nguruwe. Aibu aliyomvisha mama yangu ilimtosha vizuri sana mama yake.

Ufunguo wa stoo ulirudishwa palepale. Mama yangu aliufunga kwenye pindo la kanga, lakini hakuja kwangu. Alikwenda mstari wa mbele akaketi kando ya mama wa bosi, ambaye alikuwa ameinamisha uso, akamshika mkono. Akaniangalia na kunitikisia kichwa, akinitaka niache kutabasamu.

Sikuacha.