Jembe la Kutembelea

Ausi alikuwa winga wa timu ya maveterani ya kijiji chetu cha Mtua, na majigambo yake yalikuwa marefu kuliko mbio zake. Alipotoka kupasuliwa moyo Dar es Salaam, daktari alimpa masharti mawili. Atembee kwa kasi kila asubuhi, ndipo kiangazi kikifika aruhusiwe kugusa mpira. Tena asilime hata tuta moja mpaka mfupa wa kifua uunge.

La kulima halikumsumbua, maana majirani tulijipanga kumpalilia ufuta wake kila Jumamosi. La kutembea ndilo lililomshinda. Mwezi wa pili, watu wote wako mashambani, mwanaume mzima akatize kijiji mikono mitupu? Kila aliyekutana naye alimuuliza anakwenda wapi. Siku ya kwanza alijibu kwamba anatembea tu, na wanawake waliokuwa bombani wakacheka mpaka maji yakamwagika. Ausi, aliyezoea kushangiliwa, aliona aibu ya kufa.

Kesho yake aliweka jembe begani. Akiulizwa, anajibu shamba, na hakuna aliyecheka tena. Kila asubuhi akashika njia ya kwenda kijiji cha Kiegei kwa mwendo wa mtu anayedaiwa, akifika penye kichuguu anageuka. Pumzi ikarudi, miguu ikarudi. Akaanza kuhesabu wiki zilizobaki aingie uwanjani.

Sasa uongo wa namna hiyo utaufichaje kijijini? Dickson, golikipa wake, ndiye aliyeanza kusema kwamba kumbe mgonjwa wetu analima shamba jingine huko njia ya Kiegei, na sisi tunavunjika viuno kwenye hili. Tuliamini siku ileile. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mwenyewe, tulinuna tu, mimi nikiwemo.

Jumamosi Ausi alifika kwenye ufuta kutushukuru kama kawaida yake. Alimkuta Mwamina peke yake, mjane wa kaka yake, mwenye magoti mabovu, anapalilia huku ameketi chini.

"Wenzangu wanasema una shamba jingine, shemeji," Mwamina alisema bila kuinua uso. "Nimewaambia hata kama analo, hili tuliahidi."

Ausi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimweleza yote: agizo la daktari, kicheko cha bombani, jembe lisilolima. Mwamina alimuuliza kwa nini hakusema.

"Niliona haya."

"Na sasa huoni?"

Mama yule akainuka kwa kujikongoja, akamshika mkono, akampitisha nyumba kumi na moja. Kila mlangoni Ausi alisema mwenyewe kwamba hana shamba jingine, alidanganya, anatembea kwa ajili ya moyo. Dickson alimsikiliza akitazama pembeni, kisha akamkaribisha uji. Mimi nilimwambia hakuna neno, na nilishindwa kumtazama machoni.

Jumamosi iliyofuata tulirudi wote. Huku kwetu mtu wako unamtania, na Ausi tulikuwa tukimtania hata alipolazwa. Alikaa kando ya shamba, akisubiri mmoja wetu amseme kwa magoli aliyokosa. Tulipita mmoja mmoja, tukamwamkia kwa adabu bila utani wowote, kama anavyoamkiwa bwana shamba mgeni, tukainamia ufuta. Aliitikia salamu zote, kisha akafunika uso kwa kofia yake.