Faili Aliyonifungia Mume Wangu

Katika ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi mjini Kisii, mtu akisahau paswadi ya slaidi zake alikuja kwangu. Shughuli yetu ilikuwa kuwafundisha wakulima, na kila mkufunzi alikuwa na slaidi zake: mnyauko wa migomba, uchumaji wa chai, lishe ya ng'ombe wa maziwa. Walizifunga kwa neno la siri ili wenzao wasizivuruge, kisha siku ya semina ikifika hawakumbuki waliandika nini. Mimi nilikuwa katibu tu, lakini mambo hayo nilikuwa nimeyasoma kwa kuyafanya. Swali langu lilikuwa moja: "Inakataa kufunguka, au inafunguka ila inakataa kubadilishwa?" Ikiwa inakataa kubadilishwa tu, lilikuwa jambo dogo. Nilitoa nakala kwa jina lingine na mtu akaendelea na kazi yake. Ikiwa inakataa kufunguka kabisa nilimwambia ukweli, akae akumbuke au aanze upya. Wengi walianza upya, wakilalamika kidogo. Slaidi za migomba zinaweza kutengenezwa tena.

Mume wangu alikuwa akicheka nikimsimulia vituko hivyo. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ng'ambo ya Nyaramba, kule kwenye baridi na mashamba ya chai. Siku za juma alilala kwenye nyumba ya shule, na Ijumaa jioni alirudi kwetu Kisii. Alikuwa Mjaluo, kwao ni kando ya ziwa, nami ni Mkisii wa Birongo. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu katika lugha hiyo hakuna aliyekuwa mwenyeji kumzidi mwenzake. Tulikosea pamoja. Mimi ulimi wangu ulikuwa mzito upande mmoja, yeye wake upande mwingine, na tulipogombana mmoja alimsahihisha mwenzake ngeli mpaka ugomvi ukaisha kwa kicheko.

Kikisii alijifunza polepole. Siku ya kwanza kunisikia nikizungumza na mama yangu kwa simu alishangaa.

"Mbona unamwita mama yako baba?"

"Kwetu mama ni baba," nikamwambia. "Baba ni tata."

Alilifikiria hilo jioni nzima. Tangu hapo alijifunza maneno mengi, lakini hilo la kumwita mama mkwe "baba" lilimshinda. Alisema mdomo wake unakataa.

Mwaka ambao ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka kumi alianza kurudi nyumbani na siri. Jumamosi baada ya chai aliketi pembeni na laptopu yake, na nilipopita akaifunika.

"Usiangalie. Utaiona siku yake."

Alikuwa amepanga kuazima projekta shuleni, atundike shuka jeupe kwenye ukuta wa sebule, na mama zetu wawili waalikwe. Watu walikuwa wamesema mengi kuhusu ndoa yetu katika miaka hiyo, kwa sababu Mungu hakutujalia mtoto, na nadhani alitaka mama zetu wakae chumba kimoja waone ndoa hiyo ilikuwa na nini ndani yake. Nadhani tu. Mwenyewe hakuniambia.

"Nitaifungua wewe ukiwa darasani," nilimtania.

"Hutaweza. Nimeifunga kwa ile kufuli kubwa, ile uliyonifundisha. Wewe si ndiye mwizi wa slaidi pale kwenu?"

Siku moja ya juma, katikati ya somo, aliwaomba wanafunzi wake ruhusa akae kidogo. Walidhani amechoka. Hospitalini walisema ni moyo. Tulimzika kwao, kama desturi ilivyotaka, kwenye ardhi yenye joto karibu na maji, nami nikarudi Kisii kwenye mvua za kila alasiri.

Walimu wenzake waliniletea vitu vyake vya nyumba ya shule: blanketi, redio, vitabu, viatu vya matope, na laptopu. Niliiacha kabatini kwa muda mrefu. Nilipoiwasha ilifunguka bila shida, kwa kuwa paswadi ya mashine yenyewe nilikuwa naijua. Faili ile ilikuwa pale mbele, imeandikwa "Miaka Kumi." Nikaibonyeza. Kijisanduku kikatokea kuomba neno la siri kabla ya kuonyesha picha hata moja, nikajua papo hapo ni kufuli ya aina gani. Kama angekuwa mtu wa ofisini ningemwambia akae akumbuke. Lakini wa kukumbuka hakuwapo.

Nilianza na maneno yaliyokuwa wazi. Tarehe ya harusi yetu, kwa namna zote za kuiandika. "Nyar Kisii," binti wa Kisii, jina aliloniita akiwa na furaha. Jina la kijiji chao. Jina la mto aliokuwa akiuvuka kwenda shule akiwa mdogo. Masimba, kwa sababu siku alizopitia huko alininunulia ndizi mbivu, akifika amekula nusu njiani. Kila neno lilikataliwa kwa sentensi ileile. Baada ya muda niligundua kwamba sikuwa natafuta paswadi tu. Jioni nikitoka kazini nilikuwa na hamu ya kuketi pale, kwa sababu kila neno nililojaribu ilinibidi kwanza nimkumbuke akilitamka. Nilimkumbuka akisema "ugali huu umeiva kwelikweli." Nilimkumbuka akiita mvua "mgeni wenu." Nikayaandika hayo pia. Yakakataliwa.

Baadaye niliipeleka laptopu kwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa makamo mwenye kibanda juu ya duka la viatu mjini. Alinisikiliza bila haraka.

"Nina programu inayojaribu maneno yenyewe," alisema. "Lakini haiwezi kuanza gizani. Nitajie maneno aliyoyapenda."

Nikamtajia, naye akaandika kwenye mashine yake. Mji, mto, ziwa, timu ya mpira, majina ya utani ya wanafunzi wake. Kisha nikasema ni hayo tu.

"Dada, hata yale ya chumbani," akasema bila kuniangalia. "Mashine haioni aibu, na mimi nimeshasahau."

Nikamwambia na hayo. Sikuwahi kumwambia mtu mwingine yeyote maneno hayo, na niliyasema nikitazama dirishani, kwenye mapaa ya mabati na watu waliokuwa wakikimbia kujikinga na mvua. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyeazimisha nguo zake.

Aliniacha nisubiri siku kadhaa, kisha akanipigia simu. "Pole, dada yangu. Imekataa. Ningeweza kukudanganya niendelee nayo, lakini sitaki. Huenda aliunganisha maneno mawili ambayo ni yeye tu angeyaunganisha."

Nikamshukuru. Nilipoichukua laptopu niliibeba kifuani mpaka nyumbani, nikipanda kile kilima cha kwetu, na watu niliowajua walinisalimia nikawaitikia bila kujua nimewajibu nini.

Jambo la faili sikuwa nimemwambia mtu wa ukoo. Nilimweleza wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, siku aliponipigia kunijulia hali. Anauza vitambaa Homa Bay na hapendi maneno mengi.

"Mama zenu," akasema. "Zile sauti za mama yako na mama yetu zimo humo."

"Sauti gani?"

Akanieleza. Mume wangu alikuwa amekwenda Birongo peke yake, siku ambayo mimi nilidhani yuko shuleni na kidato cha nne, akamrekodi mama yangu kwa simu. Halafu akamtumia dada yake sauti hiyo ili amchezee mama yao, naye aone ni mambo ya namna gani yanayotakiwa, kisha arekodiwe vivyo hivyo. Simu ya mume wangu ilipotea katika pilikapilika za hospitali. Ya dada yake haikupotea.

"Nilidhani unazo," alisema. "Nilidhani alishakuonyesha. Nikawa naogopa kukutonesha kidonda."

"Nitumie, wifi."

"Nakutumia sasa. Kaa chini kwanza."

Nilikaa kitandani. Kilichoanza kusikika ni mvua juu ya mabati, na kuku. Kisha sauti yake, karibu kabisa na simu, ikisema "bwakire," salamu ya asubuhi, ingawa kwa jinsi mvua ilivyonyesha ilikuwa alasiri. Mama yangu akamwitikia kutoka mbali. Nikaelewa wamekaaje. Kwetu kuna chinsoni, heshima kati ya mkwe na mama mkwe, na hawawezi kuketi magoti yakikaribiana. Yeye alikuwa kwenye baraza, mama alikuwa jikoni, na mlango ulikuwa nusu wazi kati yao. Kwa hiyo sauti ya mama ilikuja kama ya mtu aliye ng'ambo ya bonde, na yake kama ya mtu aliye begani kwangu.

Alimuuliza, kwa Kikisii chake kilichokwama hapa na pale, nilikuwa mtoto wa namna gani. Mama akasimulia. Alisema yeye akienda sokoni nilikuwa natoka kwenda kumsubiri barabarani, hata mvua ikinyesha, nimejifunika jani la mgomba kichwani, na majirani wakinirudisha ndani natoroka tena. Alisema alinichapa kwa hilo na halikusaidia.

Mume wangu akacheka. "Hata sasa yuko hivyo," akasema. "Ijumaa namkuta dirishani."

Sikuwa najua kwamba alikuwa akiniona. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia, na akigonga mlango nilikuwa nachelewa kidogo kufungua, ili asidhani nilikuwa na haraka.

Mama akamuuliza kama amekula. Akasema amekula. Kisha mume wangu akamshukuru, na katika kumshukuru akamwita "baba." Alilisema kwa shida, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe, lakini alilisema, na mama akamwambia asante mwanangu. Mwisho kabisa, simu ikiwa karibu kuzimwa, aliongea maneno machache ya Kijaluo kwa sauti ya chini.

Niliisikiliza tena na tena. Kisha nikampigia wifi yangu kumuuliza maneno yale ya mwisho yana maana gani.

"Anasema imeingia vizuri," akanijibu. "Sauti. Anajiambia kwamba sauti imeingia."

Nilitamani iwe zaidi ya hiyo. Sikumwambia. Nadhani alijua, kwa sababu aliongeza, taratibu, "Alikuwa anaongea peke yake hivyo tangu utotoni. Akifurahi."

Alinitumia pia sauti ya mama yao, naye akanitafsiria sentensi kwa sentensi. Mama yule alisema mtoto wake aliondoka mwembamba, sasa anarudi amenenepa, na kwamba aliyemnenepesha ni mtu wake pia. Niliposikia hivyo nililia kwa namna ambayo sikulia hata siku ya mazishi, ambapo kulikuwa na watu wengi na kila mmoja alitaka kunishika mkono.

Faili haijafunguka hadi leo. Laptopu ile ilizeeka, nikaihamisha faili kwenye flashi, na baadaye kwenye kompyuta nyingine. Naujua ukubwa wake na naijua siku aliyoihifadhi mara ya mwisho, na kwa muda mrefu sasa sijajaribu neno lolote. Sauti mbili ninazo. Picha alizozichagua, na aliziweka kwa mpangilio gani, na kama aliandika chochote chini yake, hayo sitayajua, na kuna siku ambapo kutoyajua kunaniuma kuliko hata kifo chenyewe. Hasa Ijumaa. Ofisini kwangu siku hizi watu hujiandaa kuondoka mapema, wanauliza mvua itanyesha au la, nami najikuta nimeshafunga mkoba.

Likizo ya kwanza baada ya kupata sauti zile nilikwenda Birongo nikamwambia mama nina sauti ya mkwe wake. Nilitoa simu nikitaka kuicheza pale jikoni, yeye akiwa amekaa mekoni akipepeta wimbi. Akanizuia kwa mkono.

"Si hapa. Mpeleke barazani."

"Baba, ni simu tu."

"Ni sauti yake. Hajawahi kuketi na mimi humu ndani na hataketi leo."

Nikaenda nje nikaiweka simu kwenye benchi, nikaongeza sauti hadi mwisho, nikarudi kusimama mlangoni. Mama akaacha ungo. Salamu iliposikika akaiitikia, kisha akatulia akisikiliza hadi mwisho, uso ukiwa umeelekea ukutani. Sauti yake mwenyewe, alisema, ni mbaya na ya mtu mzee.

"Kikisii chake kilikuwa kibovu sana," akasema. "Nilikuwa naweza kumrekebisha. Nilipenda tu anavyosema."

Akauliza kama betri inatosha. Nikasema inatosha. Akaniambia niicheze tena, na safari hii niache mlango wazi zaidi kidogo.