Neno la Siri Kwenye Kisahani

Jumanne nilikuwa kwa fundi wa intaneti hapa Bukoba, mzee mmoja wa Nyanga alipoleta ruta yake ikiwa imeviringishwa kwenye kitenge. Alilalamika kuwa kuna mtu ameiingilia na kubadilisha mipangilio.

"Nimeichomelea kizimba cha nondo, na ufunguo ninao mimi," alisema, akigusa mfuko wa shati.

Fundi aliichunguza. "Mzee, neno la siri ni lile lile la kiwandani. Nani analijua?"

"Wageni tu."

"Wageni gani?"

Mzee alimtazama kama anayemtazama mtoto asiyelelewa. "Mgeni akifika kwangu anapewa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Karatasi ya neno la siri iko kwenye kisahani hicho hicho. Nimnyime?"

Fundi aliisasisha ruta, akaweka neno jipya, refu, akamwandikia. "Hili ni lako peke yako."

Mzee alilisoma mara mbili. "Niandikie kwa herufi kubwa zaidi. Wageni wangu wengi hawaoni vizuri."

Nilicheka njia nzima hadi Hamugembe. Nyumbani nililikuta neno la siri la kwetu limebandikwa sebuleni, kwa mwandiko wangu, chini ya maneno "Karibu Mgeni."