Harusi Iliyofukuza Ndege

Mvua ikinyesha pale Kyumbi, malori yanapoegeshwa madereva wakinywa chai, dizeli inayovuja huelea juu ya madimbwi na kuchora rangi zisizotulia. Ukiinama ni kijani, ukisimama ni zambarau, ukipiga hatua moja kando ni dhahabu. Harufu yake inachoma pua, lakini mimi husimama tu nikatazama. Juzi mama mmoja anayechoma mahindi hapo aliniuliza kama nimeangusha kitu. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka nyanya yangu. Akatazama dimbwi, akanitazama mimi, kisha akavuta jiko lake kando kidogo.

Ngoja nikueleze wewe, maana yule hakutaka kusikiliza.

Nililelewa Kola na nyanya mzaa baba, ambaye wajukuu wote tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa mfupi, mkavu, na hakuvumilia kitu kukaa bure. Sufuria ikitoboka ilifanywa kiota cha kuku. Sweta ikichakaa ilifumuliwa, nyuzi zikafungia ndama. Hata wageni waliokuja kusalimia tu walijikuta wamepewa ungo wa pojo wachambue huku wakieleza habari za nyumbani kwao.

Nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi, binti yake wa mwisho, Shangazi Nduku, alirudi nyumbani na sanduku, televisheni, deki na CD moja. Alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia tu. Niliambiwa amekuja kupumzika. Nikaona kumbe ndoa ni kazi ngumu kuliko kuchota maji, maana shangazi alipumzika mwezi wa kwanza, akapumzika wa pili, na hakuonyesha dalili ya kuchoka kupumzika. Mchana alilala. Jioni aliunganisha televisheni kwenye betri ya gari, akaweka ile CD, nayo ilikuwa ya harusi yake.

Majirani walikuja na viti vyao. Mwanzoni walikuja kwa heshima, baadaye kwa mazoea, na mwishowe walikuwa wanaijua harusi ile kuliko waliooana. Watoto tuliimba wimbo wa wasimamizi kabla haujaanza. Tulijua ni wapi keki itayumba. Zaidi ya yote tulijua ni wapi Susu atatokea. Katikati ya mahubiri, mpiga picha alikuwa amemkuta Susu kwenye kiti cha mbele, macho yamefungwa, mdomo wazi kama mlango wa zizi. Kwa sababu alikuwa fundi wa kisasa, alimzungushia pambo la moyo mwekundu, kisha akamwangushia maua ya waridi kutoka juu. Nyumba nzima ilivunjika mbavu kila jioni. Susu alikuwa anakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, akichambua maharagwe, haoneshi kama amesikia.

Bwana harusi naye alikuwa na suti ambayo sijaona nyingine kama hiyo. Akigeukia madhabahu ilikuwa kijani. Akigeukia watu ilikuwa zambarau. Akitembea zote mbili zilikimbizana mgongoni mwake. Mimi niliipenda mno. Ilinikumbusha shingo ya jogoo wetu, na wale mbawakawa wa kijani tuliowafunga uzi mguuni wakaruka wakituzunguka. Siku moja nilimwambia Susu kwamba nikiwa mkubwa nitaolewa na mtu mwenye suti kama ile.

"Mwende," akasema bila kuinua macho, "rangi ya kuhamahama ni ya kuangalia. Haiolewi."

Shangazi alisikia. Akaongeza sauti ya televisheni.

Kulipokuwa na likizo, mtama ukaanza kukomaa, na ndege wakaja. Kama hujawahi kulinda mtama, huwajui ndege. Wanakuja mia kwa mia, wadogo, midomo myekundu, wanatua kwa pamoja na kuondoka kwa pamoja, na nyuma yao mashuke yanabaki matupu. Shamba lile ndilo lililokuwa uji wetu wa mwaka mzima. Mimi nililinda kwa debe na fimbo mpaka mikono ikafa ganzi. Ndege walizoea. Nadhani wengine walifurahia muziki.

Ndipo Susu aliposikia sokoni kwamba kuna watu wanatundika CD mbovu shambani, zikimeremeta ndege wanakimbia. Nilitumwa nyumba kwa nyumba. Nilirudi na mahubiri yaliyokwaruzwa, na sinema za karate. Tukasimamisha vijiti, tukafunga kamba za katani, tukazitundika. Upepo ulipozishika, shamba lote lilijaa vipande vya upinde wa mvua vikikimbia juu ya mashuke, juu ya mgongo wa Susu, juu ya miguu yangu yenye vumbi. Nilijaribu kuikamata rangi moja kwenye kiganja. Ilikaa kidogo, ikahamia kwenye kiwiko. Ndege walizunguka hewani mara mbili wakaenda kutua kwa jirani, na Susu akasema Mungu awasaidie huko.

Asubuhi moja nilipofika shambani niliona CD moja mpya kwenye kamba ya ukingoni. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ilipogeuka, upande wa pili niliona jina la shangazi na la mumewe, yameandikwa kwa kalamu nene nyeusi, na katikati yao moyo. Nilipogeuka nilimkuta Susu amesimama nyuma yangu, jembe begani.

"Umeona nini?"

"CD ya Anti."

"Umeona nini, mwana wakwa?"

"Sijaona kitu, Susu."

"Haya. Na ukiulizwa?"

"Sijaona."

"Macho ni ya kuona. Mdomo uko na kazi yake ya kula. Usichanganye."

Mimi nilimhurumia. Nilijua sababu vizuri sana: ni aibu. Nani angependa kuchekwa kila jioni akiwa amelala ndani ya moyo mwekundu? Nikaamua kumsaidia. Alipoondoka nilichota matope pale tulipomwaga maji ya kuku, nikainamisha kijiti, nikapaka matope juu ya yale majina mpaka yakapotea. Upande wa kumeremeta sikuugusa. Hata mtoto anajua ndege hawasomi.

Jioni ile kulikuwa na msiba bila maiti. Shangazi alipindua godoro, akapekua sanduku, akafungua hata deki kwa kisu cha mkate akidhani imeimeza. Alimshuku mbuzi. Alishuku watoto wa jirani, ambao walikuja na viti vyao wakarudi navyo wamenyamaza. Kisha akaketi mbele ya televisheni iliyozimwa akalia, si kwa sauti, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mtu mzima akilia polepole mtoto hajui afanye nini na mikono yake. Nilimtazama Susu. Alikuwa anachambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi. Sikula vizuri. Usiku niliota nimesema.

Kesho yake Susu aliamka na mguu. Mguu ambao ulikuwa umepanda na kushuka vilima vya Kola miaka yote ghafla haukuweza kufika chooni bila fimbo.

"Nduku," aliita kutoka kitandani, "mtama inaisha. Huyu mtoto ni mdogo. Mguu imekataa."

"Mwaitu," shangazi akamjibu mama yake, "mimi siko sawa."

"Najua. Enda ukiwa hivyo hivyo. Ndege haiangalii kama uko sawa."

Basi shangazi akaenda, kanga kichwani, macho yamevimba, nami nyuma yake na debe. Siku ya kwanza alikaa kwenye jiwe akatazama chini. Juu yake harusi yake ilizunguka polepole, ikamtupia rangi begani, shavuni, ikaondoka, ikarudi. Siku ya pili ndege wakaja wengi, na shangazi akainuka akasema "shii," kwa sauti ya mtu anayefukuza inzi. Siku iliyofuata akalichukua debe.

Sijui ni siku gani alipoanza kupiga kelele. Nakumbuka tu kwamba sauti ilitoka mahali ambapo sikujua kama anapo.

"Tokeni! Mmeshiba, tokeni! Nilikupikia! Nilikufulia! Toka, na usirudi, na uende na huyo wako!"

Ndege walitoka. Mbuzi wa jirani alitoka. Mimi nilishangaa tu, maana sikuwahi kusikia mtu aliyemfulia ndege nguo. Lakini shangazi alikuwa anatokwa jasho na anapumua vizuri, na alipoketi alicheka kidogo, akaniomba kiazi changu kilichochomwa, akala chote.

Siku moja akasimama mbele ya ile kamba ya ukingoni. Akanyoosha mkono, akaishika ile CD. Nilishikilia debe kwa nguvu. Akaigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili, akayatazama yale matope.

"Hii inametameta kushinda zote," akasema. "Hapa inapotea bure. Wacha niiweke katikati."

Akaihamishia kwenye kijiti kirefu zaidi, katikati ya shamba, akaifunga mafundo mawili. Nilimshukuru Mungu kwa kuumba matope.

Tulivuna. Mguu wa Susu ulipona siku ile ile gunia la mwisho lilipofungwa. Ndani ya magunia hayo kulikuwa na uji wetu wote, na shangazi ndiye aliyeyasimamia yaliyouzwa sokoni, akibishana na wanunuzi kwa sauti ile ile ya shambani. Hakurudi tena kulala mchana. Baadaye alifungua duka la mbegu, na hadi leo lipo. Televisheni tulitazamia habari, na majirani wakaacha kuja, kwa kuwa habari hazina keki.

Mimi niliendelea kuilinda siri yangu. Niliilinda shule ya msingi, nikaenda nayo sekondari, nikaingia nayo kazini Athi River. Mwaka jana tu, tukiwa Kola tunapukuchua mahindi, shangazi na mimi, na Susu amelala kwenye kiti chake mdomo wazi, niliona sasa yatosha. Nikateremsha sauti.

"Anti, kuna kitu sijawahi kukuambia. Ile CD yako ya harusi..."

"Ya katikati ya mtama?" akasema bila kuacha kupukuchua.

Gunzi likanianguka.

"Ulijua?"

"Asi! Mwende, CD zote safi, na moja imepakwa matope, tena iko na alama ya vidole vidogo namna hii." Akanionyesha ncha ya kidole chake. "Nilijua siku ya kwanza niko kwa lile jiwe."

"Mbona hukuitoa?"

Akachukua hindi jingine. "Ningeitoa niipeleke wapi? Kuitupa nilikuwa nimeshindwa. Kila siku nasema kesho. Nikaona Mwaitu amenitupia, na ameitupa mahali inafanya kazi. Hapo nilifurahi, nikalia, nikafurahi tena."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama alimficha binti, binti akamficha mama kwamba ameona, na katikati yao mtoto mmoja aliacha kula kwa ajili ya siri ambayo kila mtu alikuwa nayo. Nami miaka yote nilidhani Susu aliitundika ile harusi kwa sababu ya aibu yake mwenyewe. Hakujali kuchekwa. Angekaa ndani ya moyo ule na maua yake mpaka leo, kama si kumwona mwanawe anaozea mbele ya kioo cha televisheni.

"Na mtama ilikuwa mingi," Susu akasema, macho bado yamefungwa.

Tukaruka wote wawili. Kisha wazo likanijia, nikamsogelea.

"Susu, hata kanisani siku ile, ulikuwa umelala kweli?"

"Nilifunga macho," akasema. "Ile suti ilikuwa inaniumiza." Akajiweka vizuri kwenye kiti, akavuta leso mabegani. "Halafu usingizi ikapita hapo, ikanikuta niko tayari."