Mwasumini wa Sabiha na Beseni la Samaki

Harufu ya asumini kila mtu anaijua. Harufu ya maji yaliyooshewa papa yakalala juani siku nzima, hiyo muulize aliyekuwa jirani ya Zubeiri. Jirani huyo ni mimi, ukuta kwa ukuta, Ngamiani, Tanga, miaka hiyo ya hamsini. Hata sasa nikiikumbuka mkono unakwenda puani wenyewe.

Lakini ninayetaka kueleza habari zake ni dada yake, Sabiha. Aliachwa na mume huko Moa, akarudi kwa kaka yake, hana mtoto wala mali ila kanga zake. Uani alikuta mwasumini uliopandwa na marehemu mama yao, umetambaa juu ya kichanja cha miti na kamba za mkonge. Huo ndio uliomlisha. Kila alasiri alichuma matumba yangali yamefumba, akakaa mkekani na sindano yake, akatunga makoja. Magharibi ikiingia asumini zinafumbuka zenyewe kwenye uzi, na wanunuzi wamekwisha simama mlangoni. Kila bi harusi wa mtaani kwetu alivaa koja la Sabiha, basi.

Zubeiri alichuuza samaki. Alileta kwa lori kutoka Kigombe, papa, taa na changu, akauza sokoni, kisha jioni akarudi na beseni lake la kuoshea. Na alilimwaga wapi? Kwenye shina la mwasumini. Si maji tu, bali na magamba, na matumbo, na matamvua mekundu. Ongeza jua la Tanga. Nzi walijaa kama walioalikwa, paka wa mtaa mzima wakipigana pale usiku na mchana, nami ninakula wali wangu huku nimeziba pua kwa kanga.

"Zubeiri," nilimwambia siku moja juu ya ukuta, "pua yako uliisahau Kigombe?"

"Nalisha mti, bibi wee! Mti nao una tumbo."

"Una tumbo, lakini hauna tumbo la papa."

Akacheka, akakung'uta beseni mpaka tone la mwisho. Mwanamume mzima.

Na kweli mti ulinenepa. Majani yakawa mapana, meusi kwa ubichi, matawi yakapanda mpaka kwenye paa la makuti. Wapita njia wakausifu, Zubeiri akavimba. Maua ndiyo yaliyopungua. Kwanza makoja yakawa mafupi. Kisha Sabiha akawa anajazia mrehani kuficha mapengo. Mwishowe mama mmoja wa Chumbageni alirudisha koja, akalitupa mkekani.

"Hili ni koja au mchicha?"

Sabiha aliliokota, akalikung'uta vumbi. Alikuwa mpole wa kukera.

Mwaka wa hamsini na nane ikaja posa ya Mwanamkasi, binti ya Zubeiri. Harusi ikawekwa Shaaban, kabla ya mfungo. Zubeiri akasimama uani, akamnyooshea dada yake kidole.

"Harusi ya mwanangu siendi kuomba maua kwa watu. Mti huu usipochanua siku hiyo, naung'oa. Hapo patakuwa na uchaga wa kuanikia papa."

"Ni mti wa mama, kaka."

"Mama hali majani."

Tangu siku hiyo akawa anamwaga mabeseni mawili, ili mti upate nguvu.

Sabiha alikuja kwangu kulia. Alipotoka, akasimama ghafla kwenye ukuta wangu. Zamani alinipa kijiti cha mwasumini ule ule, nikakichomeka kwenye kifusi cha mawe ya matumbawe, mahali ambapo hata nyasi zinasita kuota, nikakisahau. Majani yake yalikuwa madogo, ya manjano, yamejikunja. Lakini maua yalikuwa yamekilemea.

"Shoga, huu unaulisha nini?"

"Matusi. Kila nikipita unanikwaruza."

Hakucheka. Aliinama, akatia kidole kwenye kifusi, kikavu. Akanusa kidole.

"Ule wa mama umeshiba mno," alisema polepole. "Kila siku chakula, kila siku maji, basi unaota majani tu, hauoni shida. Huu wako una njaa na jua linauchoma, ndiyo maana umekimbilia kuchanua."

"Labda. Mimi sijui habari za miti."

"Hata mimi sijui. Lakini nimeona."

Vuli ilipokwisha, alingoja Zubeiri apande lori la Kigombe, akashika panga. Aliukata ule mti mpaka usawa wa goti. Kisha akapiga magoti kuchimba. Aliniita nishike pakacha nikalishika, kwa nini sijui hadi leo. Udongo ulikuwa umegeuka uji mweusi unaochuruzika, na ndani yake funza wanene wanajinyoosha kama waliokatizwa usingizi. Sabiha aliuzoa kwa mikono mitupu mpaka kwenye viwiko. Mimi nilitapika kando ya ukuta. Hakugeuka hata kunitazama. Akafukia shimo kwa mchanga na kifusi changu.

Zubeiri aliporudi alikuta kisiki.

"Shikamoo kaka," alisema Sabiha.

"Marahaba ya nini! Umeua mti wa mama!"

"Ngoja Shaaban. Na beseni lako, tafadhali, mwaga kwingine."

Kesho yake, saa ya kumwaga beseni, Sabiha aliweka kigoda pale penye shina, akakaa. Zubeiri alisimama na beseni, akamtazama, akadhani atainuka. Hakuinuka. Basi akamwaga. Niliona kwa macho yangu: matumbo ya changu yamemzunguka dada yake miguuni, magamba yanang'aa kwenye vidole vyake. Niliita mtaa mzima kwa sauti ambayo Mungu alinipa kwa kazi kama hiyo. Watu wakaja, wakaona, Zubeiri akaingia ndani na beseni lake tupu. Sabiha akazoa uchafu wote, kisha ndipo akanawa. Toka hapo beseni likawa linamwagwa huko huko sokoni.

Kiangazi kikakaza. Majani machache yaliyochipua yakalegea, nikajua mti umekufa, sikumwambia. Yeye alingoja yalegee kabisa, ndipo anatia kata moja ya maji. Shaaban ilipokaribia alimwagilia vizuri. Yakatoka matawi mafupi, na kila ncha ina kishada cha matumba.

Siku ya harusi tulitunga tangu alasiri, wanawake uani tele. Jua lilipozama makoja yakafumbuka yote pamoja, na Mwanamkasi alinukia mpaka barabarani. Na huko barabarani, ndani ya kanzu mpya, nani anapokea pongezi?

"Kazi ya samaki wangu hiyo!" Zubeiri aliwaambia wakwe. "Mti nimeulisha mwenyewe, miaka!"

Na wao wanatikisa vichwa, mashaallah, mashaallah. Nilitamani kumvika beseni kichwani.

Kesho yake asubuhi nilimsikia Zubeiri anakung'uta beseni. Mabaki ya samaki wa karamu, pale pale penye shina, tena anaongea na mti: "Kula baba, umenipa heshima." Sabiha alitoka, akaona. Alichukua panga, akakata vijiti, akavifunga kwa kitambaa kibichi, akaja mlangoni kwangu na furushi lake la kanga.

"Shoga, kifusi chako kina nafasi?"

"Kifusi kina nafasi, na chumba cha uani pia."

Miaka miwili baadaye ukuta wangu mzima ulikuwa mweupe, na wanunuzi wakawa wanasimama kwangu. Mti wa Zubeiri ukarudi juu ya paa, majani mapana, ua hata moja hakuna, na nzi wakarudi. Alipomwoza binti yake wa pili alikuja kwetu kununua makoja. Nikamwambia asimame kule, upepo usituletee harufu yake ya papa.

Sabiha akampa koja zuri kuliko yote. Zubeiri alilinusa, akafumba macho, akauliza:

"Huku nyie mnautilia samaki gani?"

Nikatema mate chini, nikaingia ndani.