Jina Lililowaka Kwenye Paa la Gari

Mtasema nilikuwa nimekunywa. Semeni tu, lakini pombe mimi siigusi, na haya yalinipata mchana, hapa hapa Kamembe, kwenye karakana yangu ya kushona viti vya magari. Kama ningetaka kuwadanganya, si ningetafuta uongo usioniumiza?

Kwanza mjue ugonjwa wangu. Magari ya kifahari yana siri. Wanaoyachora huficha vitu humo: kamjusi pembeni ya kioo, ramani chini ya zulia, mshono unaosema kitu. Marehemu baba alikuwa mtu wa redio kule Bukavu, akanifundisha utotoni zile herufi za kugonga, fupi na ndefu. Alinizoesha kuzisoma kwa sauti, moja moja, halafu neno zima. Kwa hiyo mshono ukianza fupi, ndefu, fupi, mimi siwezi kuuacha. Na nilijisifu sana kwa hilo, haki ya Mungu.

Wiki hiyo mke wangu, Maman Aline, alikuwa amejifungulia hospitali ya Mibirizi mtoto wetu wa pili, msichana. Kwetu mtoto hapewi jina siku anayozaliwa. Watu hukusanyika, batoto ba jirani wanakula, kila mmoja anapendekeza jina, mwisho baba anatamka la kwake, na hilo ndilo linakuwa la mtoto. Siku ninayowasimulia, sherehe ilikuwa kesho yake. Jina nilikuwa nalo moyoni, sikuwa nimemwambia hata mama yake.

Basi mvua ikanyesha, ile ya ziwani isiyo na huruma. Gari refu jeusi likaingia uani. Mlio wa injini sikuusikia, nikadhani ni mvua. Kioo kikashuka. Ndani alikuwemo mwanaume wa makamo, koti zuri, sauti ya upole.

"Papa, banasema wewe unajua kusoma magari. Ingia, uniangalilie hii yangu."

Nani angekataa? Nikaingia. Nikaanza na kioo cha mbele, kwenye vile vidoti vyeusi vya pembeni. Vikasoma: Mibirizi. Nikacheka, nikajiambia aliyelichora ana ndugu huko. Nikapeleka kidole kwenye mshono wa kiti. Ukasoma: Maman Aline.

Niaminini, ndugu zangu. Hapo ndipo nilipopaswa kushuka.

"Ni muntu gani alishona hii?" nikamuuliza.

"Endelea tu, Papa. Imebakia moja."

Juu, kwenye paa, kulikuwa na vitaa vidogo vidogo kama nyota. Vikaanza kuwaka na kuzima, fupi, ndefu. Na mimi, mjinga, nikasoma kama baba alivyonizoesha: herufi moja moja kwa sauti, halafu neno zima. Nilipolimaliza ndipo nilipolisikia. Lilikuwa jina la mtoto wangu.

Yule mwanaume akafumba macho kama mtu aliyeshiba. "Aksanti sana, Papa. Nilikuwa naliona kila siku, lakini jina si la muntu mpaka baba alitamke. Sasa umenipatia."

Sikumbuki nilivyoshuka. Gari likaondoka bila mlio. Nikaangalia pale liliposimama muda wote ule. Chini ya gari si huwa pakavu? Palikuwa pamelowa, matone yanaruka, kama vile hakuna kitu kilichowahi kuikinga mvua ile.

Kesho yake watu wakaja, batoto bakala, majina yakatajwa. Ikafika zamu yangu. Maman Aline akanitazama na mtoto mikononi, anatabasamu. Nikafungua mdomo. Eh, ndugu zangu! Jina halikuwepo. Nililitafuta mpaka machozi yakanitoka, watu wakadhani ni furaha. Nikaokota lile alilopendekeza dada yake mkubwa, Aline: Solange.

Sasa Solange anatembea, anaongea. Ukimwita Solange, hageuki. Tumempeleka kwa madaktari, wanasema masikio yake ni mazima. Na mimi najua ni mazima, maana mvua ikinyesha anaacha chochote anachochezea, anakwenda kusimama mlangoni, anaangalia barabara, halafu anaitika kwa adabu kama mtoto aliyeitwa na mzazi wake: "Karame!" Ndiyo "abee" ya kwetu. Sisi hatusikii mtu.

"Nani anamwita?" Maman Aline aliniuliza siku moja. Nikamwambia yote. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Tangu siku hiyo kukinyesha anamfunga mgongoni na kitenge, ingawa mtoto ameshakuwa mzito, na anakaa hivyo mpaka mvua ikatike.

Nyinyi mnaopenda kufumbua yaliyofichwa, someni kimya. Na jina la mwanao usilitamke mbele ya mtu kabla hujamshika mtoto mwenyewe mikononi. Mimi naomba mniwie radhi, naona mawingu yameshafunika kisiwa cha Nkombo. Nafunga karakana, niwahi nyumbani kumsaidia mama yake kumshika.