Mkaa wa Kibuyu na Kisu cha Daktari

Waliokuwepo ni hawa. Baba yangu, mgonjwa mwenyewe, kitanda cha karibu na dirisha. Kogo, ndivyo sisi Wakipsigis tunavyoita bibi, aliyemzaa mama yangu, kwa hiyo mama mkwe wa baba. Mimi, mtoto wa kwanza wa baba na mama, msichana wa kuchuma chai. Daktari, Mzungu mrefu. Dresa wa wodi, yule wa kufunga vidonda, mtu wa upande wa kati mwa nchi, aliyemtafsiria daktari. Na mzee mmoja wa Merigi, kitanda cha pili, aliyevunjwa mguu na ng'ombe wake. Huyo si ndugu yetu, lakini mdomo wake uliingia kila mahali. Majina yao yote ninayo kichwani. Siyaandiki kwa sababu wana wajukuu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hospitali moja upande wa Kericho. Daktari alikuwa amempasua baba tumbo akatoa uvimbe kwenye utumbo, huo ambao leo mnauita kansa. Akasema mgonjwa ale uji laini na maziwa. Maziwa ya hospitali yakamwendesha baba vibaya. Basi tukaanza kumletea mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu mpaka yakachacha, na hayo tumbo lake likayapokea vizuri.

Mama alikuwa amejifungua, na kwa desturi yetu hakugusa vibuyu. Kazi ikawa ya Kogo. Kibuyu cha mursik husuguliwa ndani kwa kijiti cha moto, mkaa ukabaki humo, maziwa yakatoka ya kijivu yenye harufu tamu ya moshi. Kogo, kwa kumhurumia mkwe wake, alisugua kama mtu anayepaka nyumba rangi. Lakini mkwe na mama mkwe hawatazamani, wala hawatajani ovyo. Kwa hiyo alikaa nyuma ya wodi, mimi nikaingiza kibuyu.

Siku moja naingia, dresa ananizuia mlangoni.

"Kesho baba yako anakatwa tena."

"Amefanya nini?"

"Choo chake ni cheusi. Damu ikikaa tumboni hutoka hivyo. Daktari anaona kidonda kinavuja, na mwili huu sijui kama utastahimili kisu mara ya pili."

"Mmemuuliza amekula nini?"

"Amesema uji."

Nikaenda kitandani. "Baba, na mursik je?"

Akatazama dari. "Wangeniuliza imetoka kwa nani. Nimtaje mama ya mama yako mbele ya wanaume, nikiwa nimelala na shuka?"

"Afadhali ufe?"

"Kukatwa nimeshazoea. Aibu bado."

Mzee wa Merigi alicheka mpaka mguu ukamuuma. "Huyu tutamzika na heshima yake yote!"

Nikamweleza dresa kwamba weusi ule ni mkaa wa kibuyu. Akanitazama kwa huruma. "Dada yangu, kwetu mkaa ni wa kupikia." Hata hivyo alimwambia daktari, na daktari akasema aitwe aliyetengeneza.

Kogo alikubali kusimama dirishani, lakini kwa nje, na mgongo kwetu. Baba aliposikia tu sauti yake, akavuta blanketi mpaka juu ya kichwa. Daktari akaingia, akakuta mgonjwa wake amefunikwa kama maiti. Aliruka, akaushika mkono wa baba kutafuta mshipa.

"Hajafa!" mzee wa Merigi akapiga kelele. "Ana mkwe dirishani!"

Kogo akaeleza kijiti na moto, akiitangazia michai iliyokuwa mbele yake. Mimi nikamwambia dresa kwa Kiswahili, dresa akamwambia daktari kwa Kizungu. Kila tulipofika neno mkaa, daktari aliuliza tena. Mwishowe akamimina kikombe, akachovya kidole, kikatoka na vidoa vyeusi. Akanywa. Akakunja uso, halafu akanywa tena.

Akasema kisu kingoje. Mursik isimame kwanza, choo kitazamwe.

Jamani, sijaona watu wazima wakingojea choo cha mtu namna ile. Mzee wa Merigi kila asubuhi: "Ndugu yangu, bado? Usituangushe!" Mimi nilicheka na wengine, lakini usiku silali, maana kama kingetoka cheusi tena, ilikuwa ni damu kweli.

Kikatoka. Dresa akasimama mlangoni na beseni, akatangaza, "Rangi nzuri!" Wodi nzima ikapiga makofi, na baba akajifunika tena, safari hii hakukuwa na mkwe popote.

Kisu kikawekwa kabatini. Daktari akaruhusu mursik, ila bibi apunguze mkaa.

"Anifundishe mimi mkaa?" Kogo akasema nilipomfikishia. "Mimi nimemwambia apunguze majani kwenye chai yake?"

Alipunguza, lakini. Nilikiona kibuyu. Na baba alitoka pale kwa miguu yake, akambeba mtoto ambaye hakuwa amemwona. Ugonjwa ulimrudia miaka mingi baadaye, lakini mtoto yule alikuwa tayari anachunga ng'ombe.

Kama yuko mtu aliyelala wodi ile, anisahihishe. Mimi nakumbuka daktari aliomba kikombe cha pili. Dada zangu wanasema hicho nimekiongeza mwenyewe, na wao hawakuwepo.